Chunyu ya Samaki

Katika viumbe wafugwao nyumbani, hapana aliye mgumu kuuguzwa kama samaki wa bahari. Mbuzi akiugua huacha majani na kujitenga na wenziwe, na mchungaji huweza kumshika masikio akajua kama ana homa. Kuku husinzia uani mbele ya macho ya watu. Samaki huugua ndani ya maji, na maji hayo ndiyo hewa yake, kinywaji chake, kitanda chake na choo chake. Hashikiki pasipo kuumizwa, na kila atolewapo nje ili atazamwe, kutazamwa kwenyewe humzidishia ugonjwa. Basi mwuguzi wake hana ila macho, saa ya kuhesabia, na kioo kilicho kati yake na mgonjwa.

Mwalimu mmoja wa Kiswahili, mkaazi wa Kibaha, alilijua jambo hili kwa gharama. Kibaha ni makao makuu ya Mkoa wa Pwani, lakini mji wenyewe hauioni pwani. Uko kando ya barabara ya Morogoro, kiasi cha kilomita 40 kutoka katikati ya Dar es Salaam, katika nchi ya mikorosho na minazi ambako upepo wa bahari hufika umechoka. Mtu afugaye samaki wa bahari mahali kama hapo hana budi kuileta bahari nyumbani kwake, na bahari haipendi kubebwa. Mwalimu alikuwa na tangi la kioo la lita 300 sebuleni. Jirani zake walidhani ni anasa. Yeye alisema ni dirisha, kwa kuwa nyumba yake ilitazama ukuta wa mtu mwingine.

Maji yalikuwa taabu ya kwanza. Mto Ruvu hupita katika nchi ya Kibaha na kwenda kumwaga maji yake baharini karibu na Bagamoyo, na wakati wa masika bahari ya huko hugeuka rangi ya chai ya maziwa, na chumvi yake hupungua. Kwa sababu hii mwalimu aliteka maji Kunduchi, wakati wa maji kujaa, akayapakia katika madumu ya lita 20 na kuyapandisha Kibaha kwa gari la kukodi. Maji yaliyopungua tangini kwa joto hakuyafidia kwa maji ya bahari, kwa kuwa kinachopaa ni maji matupu na chumvi husalia. Aliyafidia kwa maji ya mvua, au ya bomba yaliyolazwa wazi siku mbili mpaka klorini ikaondoka. Tena alisubiri zaidi ya mwezi mzima, tangi likiwa na mawe na mchanga tu, ili vijidudu vyema viote na kuzoea kazi yao ya kugeuza amonia kuwa nitriti na nitriti kuwa nitrati. Wenye haraka hutia samaki siku ya pili, na siku ya kumi huwazika. Mwalimu hakuwa na haraka wakati ule. Haraka yake ilikuja baadaye.

Mwisho tangi likapata wenyeji: samaki wawili wadogo wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe; wawili weusi, kila mmoja na madoa matatu meupe ya kuzaliwa nayo, moja la kipaji na mawili ya ubavuni; kitatange mmoja; kamba wadogo, konokono watano, na kiti cha pweza kimoja kilichotembea juu ya kioo kama mkono wa mtoto usiokuwa na mtoto. Mwalimu alijivunia majina yao. Yasikitisha kuwa wasomi wengi wa lugha huliona neno kitatange katika kamusi, wakaridhika na maelezo kuwa ni aina ya samaki, wakapita. Mwaka 1866 Playfair na Günther walichapisha London kitabu kikubwa juu ya samaki wa Zanzibar, lakini samaki wale waliingia kitabuni wamekwisha kufa. Mwalimu alitaka wanafunzi wake wawaone hai, na mara mbili aliwaalika nyumbani, akawaonyesha neno likiogelea.

Mlishaji wa samaki hakuwa mwalimu. Alikuwa binti wa dada yake, mwenye umri wa miaka tisa, aliyekaa kwa mjomba wake kwa ajili ya shule. Kila asubuhi kabla ya kuvaa sare alitia chembe za chakula, akasimama akitazama mpaka cha mwisho kimeliwa. Hakuamriwa kutazama. Alitazama kwa sababu alipenda kujua nani kala na nani kanyang'anywa.

Mwezi wa Februari, joto la Kibaha likiwa kali, mvuvi mmoja alimpa mwalimu kangaja mchanga, wa buluu ya anga, mwenye pezi la manjano mgongoni na koo jeupe. Uzuri wa kangaja huyu hauna haja ya kusifiwa. Hata anayekula samaki kila siku humwonea haya kumtia chunguni. Kwa bahati mbaya samaki wachache hushikwa upesi na maradhi kama yeye. Kanuni ya wafugaji ni kuwa mgeni hukaa karantini, katika chombo chake peke yake, majuma manne au sita, kabla ya kuonana na wenyeji. Mwalimu aliijua kanuni hii. Aliisoma, na alikwisha kumweleza mwenziwe mmoja kazini. Lakini chombo cha pili hakikuwa tayari, na kangaja alikuwa mzuri, na siku ya pili wanafunzi walikuwa waje. Akamtia tangini.

Siku ya tano yule binti alisimama mbele ya kioo zaidi ya desturi yake, akasema, "Mjomba, kangaja ana chunyu."

Mwalimu alikuwa akisahihisha insha. Alicheka kwa upole, akamweleza mtoto maana ya neno. Chunyu, alisema, ni chumvi ibakiayo juu ya ngozi ya mtu baada ya kuoga baharini, maji yakishakauka. Aishiye ndani ya maji hakauki, na asiyekauka hapati chunyu. Kwa hiyo neno hilo halitumiki kwa samaki. Mtoto akajibu, "Ndiyo, Mjomba," akaenda shule. Sahihisho lilikuwa sahihi kila sehemu yake. Naye kangaja, aliyekuwa hatua mbili kutoka kiti cha mwalimu, alikuwa na vijipunje vyeupe kwenye mapezi na ubavuni, kama aliyenyunyiziwa chumvi ya unga, na alikuwa akijisugua juu ya mawe.

Baada ya siku mbili vipunje vilitoweka. Mwalimu alitazama, akaona ngozi safi, akaona kuwa hata kama kulikuwa na jambo, limepita lenyewe.

Hapa yafaa msomaji aelezwe ugonjwa wenyewe, maana ujanja wake wote umo katika kutoweka huko. Husababishwa na kidudu cha chembe moja ambacho E. M. Brown alikipa jina la Cryptocaryon irritans mwaka 1951. Kidudu hiki hakikai juu ya ngozi ya samaki. Hujichimbia chini yake, kikala siku 3 hadi 7, na kipunje kionekanacho ni kidudu kilichoshiba pamoja na ngozi iliyovimba juu yake. Kikishashiba huanguka, aghalabu gizani kabla ya alfajiri, kikajifunga katika gamba gumu mchangani au juu ya mawe. Humo hujigawa. Baada ya siku tatu, au majuma manne, gamba moja hupasuka na kutoa watoto hata 200 na zaidi, nao wana siku 1 au 2 tu za kutafuta samaki kabla ya kufa. Baharini wengi wao hufa, kwa kuwa bahari ni pana na samaki huhama. Katika tangi la lita 300 samaki hana pa kuhamia. Mwenye tangi huona vipunje, kisha haoni kitu, akashukuru. Kumbe hiyo ndiyo siku adui amekwenda kuongeza jeshi.

Siku ya tisa baada ya shukrani hiyo, samaki wote sita walikuwa weupe. Wale weusi ndio walioonyesha zaidi, na binti alikwisha kujua kutenganisha doa la kuzaliwa na doa la ugonjwa. Kitatange alikataa kula. Kangaja alisimama karibu na mapovu ya pampu ya hewa, mapezi yamebanwa mwilini, mashavu yakifunguka na kufungwa kwa haraka. Hiyo ni alama mbaya kuliko madoa. Matamvua ndiyo mapafu ya samaki, na vidudu huyaingia kabla ya ngozi. Mengi ya mauti huanzia pale ambapo jicho la mfugaji halifiki. Tena maji ya moto hubeba oksijeni kidogo kuliko maji ya baridi, na ule ulikuwa Februari.

Mwalimu alifanya lile ambalo watu wengi waliosoma hulifanya wakiona haya: alifanya jambo kubwa kwa haraka. Dawa ya kale ya ugonjwa huu ni shaba, na kila mzee wa pwani aliyewahi kutiwa mrututu kwenye donda anaijua nguvu yake. Katika maji ya bahari kipimo kiponyacho ni kama miligramu 0.15 hadi 0.20 za shaba kwa lita moja. Chini ya hapo kidudu hucheka, na juu yake samaki huumia. Lakini mawe na mchanga wa matumbawe huinywa shaba, na asubuhi kipimo si kile cha jioni. Lililo kubwa zaidi, shaba haimbagui konokono, kamba, wala kiti cha pweza. Kwao si dawa kwa kipimo chochote. Kwa sababu hiyo hutiwa katika chombo kitupu walichohamishiwa wagonjwa, wala haitiwi katika tangi lenye viumbe wengine. Mwalimu aliimimina katika tangi.

Asubuhi konokono wote walikuwa wamelala chali. Kiti cha pweza kilikuwa kimeachia kioo, na mkono wake mmoja umekatika. Kamba walikwisha kuwa weupe kama waliochemshwa. Nyama hizo zilipoanza kuoza amonia ikapanda. Mchana umeme ulikatika saa nne kamili, na pampu ikanyamaza. Mwalimu aliporudi kazini alimkuta yule binti, aliyetoka shule mapema, amepanda juu ya kiti akiteka maji kwa kikombe na kuyamwaga tangini kutoka juu, tena na tena, ili yaingie hewa. Sare yake ilikuwa imelowa mpaka kifuani. Samaki watatu walikuwa wamekufa. Watatu walikuwa wakipumua.

Hakusema neno juu ya chunyu. Mjomba wake angependa aseme.

Jioni ile mwalimu alimpigia simu ndugu mkubwa wa marehemu baba yake, aliyekuwa akikaa Kisarawe. Mzee huyu alikuwa bwana mifugo mstaafu, na baada ya kustaafu alichimba mabwawa mawili bondeni, moja la perege na moja la kambale. Samaki wa bahari hakupata kuwafuga maishani mwake.

"Shikamoo, Baba Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Sauti yako si nzima."

Mwalimu alieleza habari yote, akataja na shaba. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Wanapumua mara ngapi kwa dakika?"

Mwalimu hakujua.

"Wakati wa uzima wao walikuwa wakipumua mara ngapi?"

Hilo pia hakulijua. Lakini yule binti, aliyekuwa amesimama karibu na simu, alijua. Aliwahi kuwahesabu kwa mchezo, kwa saa ya ukutani, na aliandika nyuma ya daftari la hesabu. Mwalimu alisoma tarakimu zile katika simu kwa mwandiko wa mtoto, na sasa zilikuwa zimekaribia kuwa maradufu.

"Huyo ndiye bwana mifugo," mzee akasema. "Waleteni kwangu, na yeye aje."

Safari kutoka Kibaha kwenda Kisarawe humlazimu mtu kuteremka kwanza upande wa Dar es Salaam. Gari lilipita Mbezi, likazunguka mpaka Gongo la Mboto, likapanda vilima vya Pugu penye msitu, na ndoo iliyofunikwa ilikuwa kati ya miguu ya mtoto muda wote. Mzee alikuwa amekwisha kutayarisha mabeseni mawili makubwa yasiyopata kutiwa sabuni, na pampu ndogo ya hewa itumiayo betri na nguvu ya jua, kwa kuwa vifaranga vya kambale vilikwisha kumfundisha kutoutegemea umeme wa nguzo.

Jambo la kwanza alilotaka kulifanya lilikuwa kuwatia chumvi. Ndivyo afanyavyo kwa perege wakipata vimelea vya ngozi, nayo huwafaa. Akakumbuka mwenyewe, akacheka kwa sauti. Kwa samaki wa bahari mambo yote yamepinduka. Kambale aishi katika maji yasiyo chumvi, na mwili wake una chumvi kuliko maji hayo, kwa hiyo maji humwingia bila kualikwa, naye hana haja ya kuyanywa. Kangaja ana kiasi cha theluthi tu ya chumvi iliyo baharini. Maji humtoka usiku na mchana, naye hunywa bila kukoma ili asikauke, akaitoa chumvi kwa matamvua. Ngozi yake ikitobolewa na vidudu, hukauka hali yumo majini. Basi kwa samaki wa bahari maji matamu ndiyo hushika mahali pa chumvi. Kuogeshwa humo dakika tatu hadi tano, joto na ukali wake vikiwa vimelinganishwa, huwang'oa minyoo bapa ya ngozi. Lakini kidudu cha madoa meupe kimejichimbia chini ya ngozi, na kuogeshwa huko hakukifikii.

Njia iliyobaki haikuwa na dawa ndani yake. Angelo Colorni, mtaalamu wa huko Eilat katika Israeli, aliionyesha katika miaka ya 1980: samaki huhamishwa kila baada ya siku tatu katika chombo kikavu chenye maji mapya, mara nne. Vidudu vilivyoshiba huanguka katika chombo kile, na kabla ya magamba yao kupasuka samaki amekwisha kuhama, na chombo huoshwa na kuanikwa juani mpaka kikauke kabisa. Katika kila mahame adui huachwa nyuma. Kwa beseni la lita 80 yalihitajika madumu 16 ya maji ya bahari, na mwalimu aliyateka yote, mengine usiku baada ya kazi, na dereva wa gari la kukodi akaanza kumwita Mvuvi.

Kangaja alikufa siku ya pili. Binti alimwona kwanza. Mzee alimtoa kwa mikono miwili, akamfunua shavu kwa ukucha, akawaonyesha wote wawili matamvua ambayo yangalikuwa mekundu, nayo yalikuwa ya rangi ya kijivu, yenye utelezi mwingi. Alisema kuwa kwa ng'ombe pia alikuwa akifanya hivyo, na kuwa wenye ng'ombe walichukia, kwa kuwa kila mtu hutaka maiti yake izikwe haraka. Mtoto alitazama mpaka akatosheka. Mwalimu alitazama kidogo.

Mzee naye alikuwa na maswali yake ya kazi, na aliyauliza kila asubuhi kwa mpango ule ule, akimwelekea mtoto. Wote wanahema, au mmoja? Wakihema wote pamoja ghafla, litazame maji kabla ya kumtazama samaki: amonia, joto, pampu. Akihema mmoja, mtazame yeye. Kala? Aliyeacha kula jana si sawa na aliyeacha leo. Yuko wapi? Samaki aliyependa pango akikaa juu, au aliyependa juu akikaa pangoni, amesema neno. Akijisugua mara moja, aandikwe. Akijisugua mara kumi, mtu aitwe. Na yakionekana madoa, ni makubwa kama chumvi au laini kama unga? Swali la mwisho lilitokana na masomo ya mwalimu ya usiku, kwani upo ugonjwa mwingine ambao huwafunika samaki kwa vumbi laini la rangi ya dhahabu, nao huua kwa siku chache, mara nyingi kabla vumbi lenyewe halijaonekana. Mtoto aliandika majibu yote. Penye madoa aliandika chunyu, na mjomba wake aliyepitia daftari kila jioni, akiwa na kalamu nyekundu mfukoni kwa mazoea, aliliacha neno lilivyo. Alikwisha kutafuta neno jingine katika Kiswahili, wala hakulipata.

Samaki wawili waliokoka: mmoja wa rangi ya chungwa na mmoja mweusi. Siku ya kumi na mbili hawakuwa na doa, nao walikula. Lakini hawakuweza kurudi Kibaha, kwa sababu tangi la huko lilikuwa bado limejaa magamba yasiyopasuka. Dawa ya tangi ni njaa. Lisipokuwa na samaki, watoto wa vidudu hupasuka, hutafuta, hufa. Na kwa kuwa magamba mengine huchelewa sana, mwalimu aliamua kungoja majuma 11. Maji yalibadilishwa mara kadhaa mpaka shaba ikapungua, na kila juma kipande kidogo cha nyama ya kamba kiliachwa kioze humo, ili vijidudu vyema visife njaa pamoja na vibaya. Wageni waliofika sebuleni waliona taa inawaka juu ya mawe matupu. Wanafunzi walioahidiwa kuja mara ya tatu waliambiwa sababu, yote, pamoja na sahihisho la chunyu. Mmoja alicheka; wengine hawakujua kama inafaa kucheka.

Mwisho wa mwezi wa Mei, masika yakielekea kwisha, samaki wawili walirudi Kibaha katika ndoo ile ile. Chombo cha karantini kilikuwa kimewekwa jikoni, kitupu, chini ya kitambaa. Chupa ya shaba ilikuwa imebaki Kisarawe, katika kabati la mzee, pamoja na dawa za ng'ombe.

Siku ya tano asubuhi, yule samaki mweusi alishuka kutoka juu, akageuka ubavu, akajisugua juu ya jiwe. Akapanda, akashuka, akajisugua tena. Mwalimu alikuwa amesimama tayari. Binti alishika saa, akahesabu pumzi dakika nzima, akahesabu tena, akasogeza uso mpaka pua ikagusa kioo. Kisha akatia chakula, na mweusi akala, na mwenzake akala.

Waliketi mbele ya tangi siku hiyo yote ya Jumamosi, na jioni daftari lilikuwa na mstari mmoja tu: "Kajikuna mara mbili saa moja asubuhi. Chunyu hakuna."